Kabula, Khadija, Sikudhani au Brianna: tumeweka majina manne mezani, mtoto apewe lipi

Habari za saa hizi ndugu zangu. Mdogo wangu kajifungua mtoto wa kike hapa Kigoma, leo ni siku ya kumi na moja na mtoto bado anaitwa "mtoto", hata kadi ya kliniki imeandikwa hivyo, mtoto wa fulani basi. Akika ilikuwa tuifanye siku ya saba kama ilivyo sunna lakini mtoto alikuja wiki ya 35, kakaa wodini siku sita anapewa joto na mama yake, kwahiyo tumesogeza mpaka siku ya kumi na nne. Yaani zimebaki siku tatu. Mbuzi mmoja ameshapatikana maana mtoto wa kike ni mbuzi mmoja, wa kiume wawili, ila jina halijapatikana na kila mtu ana lake. Mi ndio mama mkubwa, wakaniambia dada kaa chini uyapime yote ulete mawazo, sasa nimeyapima nikaona niyaandike na hapa maana najua kuna nyumba nyingi ziko kwenye hali hii hii.

Kwetu ni Kasulu, Waha, ila tumekulia Ujiji. Shemeji ni Mnyamwezi wa Urambo. Majina yaliyo mezani ni manne. Shemeji na mama yake wanataka Kabula, jina la bibi yake shemeji aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Baba yetu anataka Khadija. Mama yetu anataka Sikudhani. Na mdogo wangu mwenyewe, aliyebeba hiyo mimba, roho yake iko kwa Brianna.

Naanza na Sikudhani kwa sababu hilo linanigusa mimi moja kwa moja. Mama kalileta kwa nia njema kabisa. Mimba ilikuwa ya mashaka toka mwezi wa nne, presha, kuvimba miguu, kulazwa mara mbili, hatukudhani kama tutawatoa wote wawili salama. Kwahiyo kwake Sikudhani ni shukrani. Na ni desturi ya kwetu ya siku nyingi sana, tembea Ujiji nzima ama Mwanga utawakuta kina Shida, Mashaka, Masumbuko, Majuto, Sikujua, Matatizo, wote hao ni mama zao walikuwa wanaandika habari za siku ile walivyojifungua, kwa kuwa daftari hawakuwa nalo wakaandika kwenye mtoto. Mimi naitwa Tabu. Mama alikaa na uchungu siku mbili, baba yuko ziwani, mkunga wa mtaani kachoka, nikatoka. Sasa hilo ni jina lenye historia na nikilifikiria naona jinsi mama yangu alivyoteseka kwa ajili yangu na nampenda zaidi. Lakini mama hakukaa darasani na mimi. Mwalimu akiita "Tabu simama" darasa linacheka, ukikosea hesabu "ndio maana ukaitwa Tabu", umekua unagonga mlango wa watu wanauliza nani, unasema Tabu, mtu anajibu ibaki huko huko. Anatania, najua. Ila nimetaniwa utani huo huo zaidi ya miaka thelathini na kila mtu anadhani yeye ndio wa kwanza kuubuni.

Halafu kuna kisa ambacho ustadhi mmoja alitusomea tukiwa madrasa sikuwahi kukisahau. Kulikuwa na mtu anaitwa Hazn, maana yake ugumu, ukavu kama wa ardhi ngumu. Akaenda kwa Mtume (SAW), akaulizwa jina lako nani, akasema Hazn, Mtume akamwambia wewe ni Sahl, yaani wepesi. Yule mtu akakataa, akasema sibadilishi jina alilonipa baba yangu. Mjukuu wake, Said bin Musayyib, ambaye alikuja kuwa mwanachuoni mkubwa, alisema ule ugumu ulibaki kwenye ukoo wetu. Nilikuwa na miaka kumi siku ile, nilirudi nyumbani nikamuuliza mama kwanini asinibadilishie, akalia, sikuuliza tena.

Kwahiyo Sikudhani nalitoa, na mama nimeshamwambia kwa adabu. Kama mtu anataka jina libebe habari ya shida aliyopitia, mbona Kiswahili kina maneno ya upande wa pili wa habari hiyo hiyo? Umeteseka ukavuka, mwite Subira. Umekaa miaka bila mtoto, mwite Zawadi, Riziki, Rehema, Tumaini. Stori ni ile ile, ila mtoto anabeba mwisho wake, habebi mwanzo. Mama alisema basi Subira, nikaona macho yake yamelainika, tukaliweka pembeni kama akiba.

Brianna nitalipitia haraka ingawa ndilo lililoleta maneno mengi zaidi. Mdogo wangu kaliona kwenye simu, ni zuri kwenye macho, na mimi simlaumu maana mwanamke akibeba mimba miezi nane na kitu ana haki ya kuota jina. Majina ya hivi sasaivi ni mengi kliniki, unamsikia nesi anaita Jayden wanainuka akina mama watatu. Ila lile jina litaitwa na nani? Litaitwa hapa, na watu wa hapa. Siku ya kwanza mama mkwe wake kashuka kwenye treni toka Tabora, kaambiwa mjukuu labda ataitwa Brianna, akasema "Buriana?" Akashika kifua. Kwa Kiswahili chetu buriani ni neno la kumuaga mtu, na mara nyingi mtu haagwi buriani akarudi. Mtoto njiti, ndio kwanza katolewa wodini, bibi anasikia Buriana. Hakulala usiku ule. Na wala sio masikio ya wazee tu, jaribu kulitamka haraka haraka ukiwa unamwita mtoto yuko kwa jirani, lazima uweke hiyo "u" katikati. Wengine watasema Bliana, maana huku kwetu l na r zinabadilishana kila siku. Alafu n ni moja au mbili? Mwalimu wa awali ataandika moja, wa sekondari mbili, tayari mtoto ana vyeti vya watu wawili. Nimemwambia mdogo wangu kama unataka jina jipya tafuta jipya ambalo mdomo wa bibi zake wote wawili unalimudu. Alinuna siku moja. Namuelewa.

Sasa tumebaki na Kabula na Khadija na hapa ndipo nilipokesha, maana yote ni mazuri na yote yana mwenyewe.

Kabula ni jina la mvua. Kinyamwezi na Kisukuma mvua ni mbula, wa kiume anakuwa Mabula, wa kike Kabula. Na mtoto wetu kazaliwa usiku wa mvua ile iliyojaza mitaro yote ya Mwanga mpaka bajaji ikagoma kupanda kilima, tukamsukuma dereva wa watu huku mdogo wangu anauma kanga. Yaani hata kama bibi asingekuwepo, jina lilikuja lenyewe na mafuriko yake. Majina ya mvua ni ya heshima jamani. Mwalimu Nyerere alipozaliwa Butiama mwaka 1922 ilikuwa siku ya mvua kubwa, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki, na ndilo alilokuja nalo kusoma Tabora. Hilo la Julius alilipata kwa ubatizo mwaka 1943, mtu mzima. Na hakulitupa lile la kwanza, amekufa anaitwa Julius Kambarage.

Khadija nalo si jina la kuokota. Ni mama wa waumini, mke wa kwanza wa Mtume, mwanamke mfanyabiashara, wa kwanza kuamini. Hiyo wengi tunaijua. Nisichokijua mimi ni kile alichonieleza baba juzi, kwamba kwa Kiarabu asili ya neno Khadija ni mtoto wa kike aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Mtoto njiti! Nilikaa kimya kwa muda. Wiki ya 35, kilo mbili na robo, kafungwa kifuani kwa mama yake siku sita. Baba hakuchagua tu jina la dini kwa sababu ni la dini, alichagua jina la mtoto huyu huyu. Kwahiyo ukiyaweka pembeni kwa pembeni, moja linasema ulikuja na mvua, jingine linasema ulikuja mapema. Yote yana ukweli wake kuhusu usiku ule.

Basi nikaacha maana nikaangalia matumizi, kwa sababu jina ni kama kisu cha jikoni, unalishika kila siku.

Nani ataliita? Kabula akiwepo ndani, mama mkwe hataita Kabula, ataita "mama", kwa kuwa ni jina la mama yake mzazi. Nimeliona hilo kwa jirani yetu mwingine Mnyamwezi, kajukuu ka miaka minne kanaitwa mama na mtu wa miaka sabini, kanapewa kiti, kanaulizwa "mama umekula?" Ni kitu kizuri sana kukiona, mtoto anakua anajua ana nafasi kwenye ukoo kabla hajajua kuvaa viatu. Lakini kina upande wake mgumu na lazima niuseme kwa ajili ya mdogo wangu: hilo jina huwezi kulitukana. Mtoto kamwaga mawese jikoni, umechoka, unataka kupayuka "we Kabula mpumbavu njoo hapa", mama mkwe yuko uani anakusikia. Umemtukana mama yake. Wengi wanaorithisha majina ya wakwe hawaambiwi hili mapema wanakuja kuligundua siku ya ugomvi. Khadija halina kizuizi hicho, ni la watu wote, ila ndio hivyo, ni la watu wote. Kwenye madrasa aliyosoma mwanangu kulikuwa na Khadija wanne, wakawa Khadija mrefu, Khadija mweupe, Khadija wa mama fulani na Khadija mdogo. Kabula hapa Kigoma anaweza akamaliza shule peke yake.

Litadumu? Hapa ndipo nilipoanza kuegemea. Khadija halipotei, miaka zaidi ya elfu moja na mia nne limekuwepo na litakuwepo. Kabula likiachwa kizazi hiki linakwisha kwa ile nyumba, shemeji ana dada wawili na wote watoto wao washapewa majina mengine. Na bibi yule hana hata picha. Jina ndio kitu pekee alichobakiza.

Na hili la mtoto kulilia jina niliseme, maana limetajwa pia. Usiku wa nane na wa tisa mtoto alilia sana, mama mkwe akasema huyu analilia jina, mtajieni majina ya wazee akisikia lake atanyamaza. Naheshimu hiyo imani, hata kwetu ipo. Ila mtoto njiti akilia usiku kucha kwanza unampima joto, unaangalia kitovu, unaangalia kama ananyonya vizuri na kama anapata choo, ukiona hanyonyi ama wa moto ama wa baridi unaondoka na kwenda hospitali usiku huo huo, majina mtayataja njiani. Tulimpeleka. Ilikuwa gesi tu alhamdulillahi. Mama mkwe alikuja na sisi, kamshika yeye njia nzima, na njiani alikuwa ananong'ona Kabula, Kabula, na sikuona ubaya wowote.

Mtu ataniuliza mbona hamna jina la Kiha hapo. Imeniuma pia. Desturi jina la ukoo linatoka kwa baba kwahiyo sisi wa upande wa mama tunakaa kimya, ila angezaliwa pacha vita ingekuwa kubwa zaidi, Wanyamwezi wangesema Kulwa na Doto, sisi tungesema Bukuru na Butoyi, na anayefuatia kwao angekuwa Shija kwetu Kiza. Tuna majina mazuri sana, mengine ni sentensi nzima, Ntakirutimana kwa mfano, ambalo utalikuta Burundi na huku kwetu, hakuna kinachompita Mungu, herufi kumi na tatu. Watu wameanza kuyaogopa na sababu inajulikana, ukiwa na jina la hivyo ukaenda kuomba kitambulisho unaulizwa babu yako alizikwa wapi, mjumbe wenu nani, taja vijiji vitatu. Mjomba wangu alirudishwa mara nne kwa ajili ya jina lake tu na kaburi la baba yake liko Kasulu watu wote wanalijua. Wanaye akawaita Kelvin na Kelvina. Sikumlaumu lakini nilisikitika, maana lugha ya mipakani haikuchorwa na ramani, na tukiyaacha wenyewe kwa kuogopa maswali tutabaki na watoto ambao hata sisi hatujui wametoka wapi. Akizaliwa mwingine nitalisimamia la Kiha, nimeshawaambia.

Kuhusu karatasi sasa, hili wengi mnalidharau. Sheria inataka kizazi kiandikishwe ndani ya siku 90, na fomu ina nafasi tatu: jina la kwanza, la kati, la mwisho. La mtoto, la baba, la babu ama ukoo. Ukitaka kumridhisha kila mtu ukaandika Khadija Kabula halafu jina la baba halafu la babu umeshakuwa na manne, mbele ya safari kuna kompyuta italikata moja, na huchagui wewe lipi linakatwa. Wifi ya mdogo wangu ni pacha, Kulwa, cheti cha la saba kimeandikwa Kurwa, cha kuzaliwa Kulwa, kahangaika na kiapo cha mahakama na nauli miezi mitatu kwa herufi moja tu. Kwahiyo msimamo wangu ni kwamba kwenye karatasi linaenda moja, lililonyooka, linaloandikwa kama linavyotamkwa. Kabula: herufi sita, hakuna wa kulikosea. Khadija: kuna wa Hadija, wa Khadija, wa Kadija, wa Hatija. Nilihesabu kwenye ukoo wetu peke yake tuna tahajia tatu za jina hilo moja.

La nyumbani halina fomu, na la nyumbani haliko chini ya la karatasi. Mtemi Mirambo wa hapo Urambo alizaliwa anaitwa Mtyela Kasanda, hilo la Mirambo ni la vitani, maana yake maiti, na ndilo lililobaki mpaka wilaya ikaitwa kwalo. Mtu anaweza akabeba mawili na akajulikana kwa lile watu wanalompenda nalo ama wanalomuogopa nalo.

Jana baada ya isha tukakaa wote ukumbini, baba, mama, mama mkwe, shemeji, mdogo wangu na mtoto wake kifuani. Nikasema nilichonacho. Kwenye karatasi Kabula. Kwenye akika asomewe Khadija, na mama yake ndio amwite Khadija ndani, ili siku akitaka kumgombeza agombeze kwa jina lisilo la mkwe. Baba aliuliza swali moja tu, kama Kabula ina maana mbaya, shemeji akamjibu mvua baba, baba akasema mvua ni rehema. Mama akauliza Subira je, nikamwambia mama hiyo naichukua mimi, nikijaaliwa. Mdogo wangu alikuwa wa mwisho. Akasema angalau nipate herufi moja ya kwangu, tukacheka, akasema basi nitakuwa namwita Kabu.

Jumatatu tunaenda kuandikisha. Nimeshaliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, K-A-B-U-L-A, l na sio r, karatasi iko ndani ya kadi ya kliniki, na nitasimama dirishani mwenyewe mpaka nione anaandika.